Kanda ya Mwanaima

South B, Nairobi
12 Februari 2024

Mjomba wangu Mbarak,

Shikamoo. Amani ya Mungu iwe juu yako, juu ya mkaza mjomba na wote wa Kibuyuni. Mimi ni mzima, ila vumbi la mji huu limenikaa kifuani na dawa ya mafua sasa naila kama karanga. Baba alinipigia juzi kutoka Msambweni. Mguu umepungua uvimbe, anakwenda msikitini mwenyewe. Lakini asubuhi bado anatenga vikombe viwili vya chai. Mama ametutoka tangu Oktoba na yeye bado anatenga viwili.

Harrison, mwenzako wa bendi, ameniambia simu kwako haifai tena, kwamba sikio la pili nalo limekwenda, na ujumbe wa simu huusomi kwa sababu eti maandishi yake yanakuvunja macho. Basi nimenunua karatasi. Barua zangu nitazituma kwa basi zifike dukani kwake Ukunda, naye atakuletea akija huko kununua samaki.

Nina mambo mawili. Kazini, hapa redioni, nimepewa vipindi vinne vya jazi ya asidi, ule muziki wa London wa mwisho wa miaka ya themanini na tisini. Wenzangu wamekusanya majina mtandaoni wakayapanga, lakini nikiwauliza kwa nini hili na si lile, wananirudisha mtandaoni. Nikawaambia nina mjomba aliyeupiga muziki huo kwa gitaa la besi katika hoteli ya Diani, na aliyewachezea wageni sahani zake mwenyewe za santuri. Niambie, Mjomba, ni rekodi zipi ambazo mtu akizikosa hajaujua muziki huo?

La pili ni zito kidogo. Siku ya matanga Harrison alinivuta pembeni akaniambia kuwa Mama aliwahi kuimba nanyi, kwamba ipo kanda moja ya sauti yake, na unayo wewe. Mjomba, mimi nina miaka ishirini na saba na sijapata kumsikia mama yangu akiimba. Hata akifua, hata akinilaza utotoni, alikuwa akinong'ona tu. Nataka kuisikia kanda hiyo. Silali vizuri tangu niambiwe kwamba ipo.

Mpwa wako,
Yusra


Kibuyuni
9 Machi 2024

Mwanangu Yusra,

Marahaba, na wewe salamu zikufikie pamoja na hao wenzako wa majina ya mtandaoni. Sisi hapa wazima. Mkaza mjomba wako aliuanika mwani, mvua ikaja, akaniita niuingize ndani na mimi nimekaa mgongo wangu umemwelekea, natengeneza kiti. Mwani ukaloa wote. Amenuna tangu Jumanne. Nimemwambia aniitapo anirushie kokoto, naye jana akanirushia kweli. Ramadhani iko mlangoni, tutasameheana.

Sasa hiyo jazi yako. Jina kwanza. Bibi yako alipolisikia aliuliza kama muziki huo unaunguza, nikamwambia unaunguza viatu tu. Usiwapangie watu majina kama duka la dawa. Waeleze muziki huo ulivyozaliwa, wataujua hata wakiukuta njiani.

Anza na sahani ambazo zilipotoka hazikuitwa hivyo. Ni Wamarekani weusi wa miaka ya sitini na sabini, watu wanne tu chumbani: ogani, gitaa, ngoma na saksafoni. Waliokuwa wakisikiliza jazi ya heshima waliwadharau, wakasema ni muziki wa baa. Sahani zao zikaishia kwenye masanduku ya bei ya kutupa. Vijana wa London ndio waliozifukua humo wakaanza kuzicheza kwenye kumbi zao, kwa sababu zilikuwa na ngoma ya kuchezeka na bado zilikuwa jazi. Bila sahani hizo hakuna kitu. Cheza angalau mbili.

Kisha weka zile za mwanzo za vijana wenyewe, walipochoka kucheza sahani za wengine wakashika ala. Hizo utazijua kwa ogani inayokoroma. Zilirekodiwa haraka, makosa yakaachwa humo humo, na mpiga ngoma hana adabu. Mgeni mmoja wa London aliyekuwa akija kila Desemba aliniletea tatu, nikampa madafu mpaka akaomba msamaha. Mimi na Harrison tulizisikiliza hadi sindano ikala sahani. Harrison, Mduruma wa watu, akasema ngoma hii mbona ni sengenya, ngoma ya kwao, iliyovaa suti. Alisema kweli.

Mwisho weka zile zilizoleta fedha, zenye tarumbeta nyingi na waimbaji wa kike, zilizopendwa na maredio. Wajuaji husema hapo ndipo muziki ulipoharibika. Waache waseme. Hapo ndipo ulipofungua mlango mwimbaji akaingia. Chagua moja ambayo mwanamke haimbi kwa nguvu, anakaa nyuma kidogo ya ngoma kama mtu aliyekuja kwa shughuli nyingine akakuta wenzake wanaimba. Hiyo ndiyo inayoniuma mimi mpaka leo.

Hilo la pili ulilouliza, Harrison ana mdomo mrefu kuliko duka lake.

Funga salama.
Mjomba wako, Mbarak


South B
20 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo, na mkono wa Idi nakupa ingawa umechelewa. Nilifuturu peke yangu siku nyingi, lakini Idi nilikwenda kwa watu wa Vanga walioko hapa mtaani, wakanilisha mpaka nikaaibika. Mkaza mjomba mwambie kokoto ni haki yake.

Vipindi vimetoka viwili. Nilivipanga kama ulivyosema: kwanza zile za bei ya kutupa, kisha zenye makosa. Watu walipiga simu. Mzee mmoja wa Kitale aliuliza huyo mjomba ninayemtaja ni nani na anapiga wapi siku hizi. Nikasema amestaafu. Sikusema kwamba hasikii.

Sasa nisikilize, maana nimekusoma vizuri. Umeniandikia kurasa mbili juu ya sahani za watu wa mbali, na juu ya mama yangu mstari mmoja wa kumtukana Harrison. Na huyo mwanamke anayekaa nyuma ya ngoma unayemsema, sidhani kama ni wa London.

Kama unachohofia ni redio, naapa kwa Mwenyezi Mungu kanda hiyo haitasikika redioni. Nitaisikiliza mimi, kwangu, mlango umefungwa. Sauti yake kwenye simu yangu ninayo, lakini ni ya kuniambia nisisahau kulipa maji na nimsalimie jirani. Nikiisikiliza nasikia mama wa watu wote. Nataka kumjua huyo mwingine.

Tafadhali usinijibu kwa habari za ogani.

Yusra


Kibuyuni
30 Juni 2024

Mwanangu,

Nimechelewa na sina kisingizio. Karatasi nilikuwa nayo. Huku Idi ya kuchinja imepita salama, baba yako alikuja akakaa nasi siku mbili. Tulikaa kibarazani tukiangalia watu wanavyopita. Yeye hana la kusema na mimi sisikii, tukaelewana sana.

Naona hutaacha, basi nikwambie.

Kanda ipo. Tuliirekodi Mei ya mwaka tisini na tano, mvua imefukuza wageni na hoteli ni tupu. Meneja alituachia ukumbi wa mikutano. Tukaegemeza magodoro madirishani ili mvua isisikike. Mama yako alikuwa akifanya kazi ya kufua mashuka pale hotelini. Alikuwa akija kutusikiliza na beseni kiunoni, na siku moja akaanza kuimba juu ya mdundo wetu, kwa Kidigo, maneno yake mwenyewe, habari ya wingu la mlima Dzombo. Hatukumwomba. Baada ya hapo alipanda jukwaani nasi msimu mzima. Wageni hawakuelewa neno hata moja na walikuwa wakinyamaza kumsikiliza.

Halafu Babu yako akafa. Alifariki alasiri, Msambweni, na sisi watoto wake wawili tuko jukwaani Diani tunawachezea watu wanaokunywa chai. Aliyetumwa kutuita alizuiwa getini kwa sababu hakuwa na viatu. Tulipofika, walikuwa wamekwisha kurudi kutoka makaburini wananawa miguu. Mama yako hakulia. Tangu siku hiyo hakuimba tena, na sikumwuliza, kwa sababu nilijua.

Mwaka jana alipozidiwa aliwatoa watu wote chumbani akabaki na mimi. Nilikuwa bado nasikia kwa sikio moja nikilisogeza karibu. Akaniambia, "Mbarak, ile kanda uifute. Sitaki niwe niko chini ya udongo na sauti yangu huku juu inaimba." Akanishika mkono mpaka nikasema ndiyo.

Sasa unajua. Wewe umesoma, pengine utasema marehemu haandikiwi dhambi kwa kanda iliyo sandukuni. Mimi sijui. Najua nilisema ndiyo, na mpaka leo sijaifuta. Kila nikiitoa sandukuni nairudisha.

Mjomba wako


South B
11 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Baba hajambo, nimezungumza naye. Hakuniambia habari ya getini hata siku moja. Hakuna aliyeniambia kitu katika ukoo huu.

Nimelia, na baada ya kulia nimekasirika, kwa hiyo nivumilie. Mama alikuwa na haki ya kunyamaza. Lakini aliyekufa amekwisha pumzika, na aliyebaki ni mimi. Yeye alikuimbia wewe, na Harrison, na Wajerumani waliotoka kuogelea. Mimi mwanawe wa pekee nikose? Meneja wa hoteli alimsikia na mimi nisimsikie?

Na kama ni mila, basi twende kwa mila. Kwetu Wadigo mali ya mjomba inakwenda kwa mpwa. Wewe na Mama mmezaliwa tumbo moja na mimi ndiye mtoto wa tumbo hilo. Kanda hiyo ni yangu hata kabla hujafa. Usiuguse urithi wangu.

Niite mkaidi ukitaka. Nisikie mara moja tu, kisha uifute mbele yangu, mimi mwenyewe nitakushikia redio.

Yusra


Kibuyuni
6 Oktoba 2024

Mwanangu Yusra,

Salamu kwako. Mkaza mjomba wako amevuna vizuri msimu huu na ameninunulia shati. Harrison anaumwa na meno na ameacha kuzungumza, jambo ambalo hata mimi nisiyesikia nimeliona.

Barua yako ya Julai nimeikunja nikaiweka kwenye shati kuukuu na nimekuwa nikitembea nayo. Kila ulilosema ni kweli. Sikukujibu kwa sababu ningekujibu ningekupa.

Ijumaa tumemsomea mama yako khitma ya mwaka. Walikuja watu wa Shimoni, wa Majoreni, na baba yako. Wakati wa Yasini niliweka ile redio kaseti kubwa mkekani mbele ya maalimu, nikatia kanda, nikabonyeza vidude viwili vya kurekodi kwa pamoja. Wao wakasoma, mimi nikakaa naangalia kanda inavyozunguka. Nilikuwa nikimwona maalimu midomo yake inakwenda na nikijua kila neno linaposhuka linakaa juu ya neno la dada yangu Mwanaima. Mkono wangu ulikuwa karibu. Ningeweza kuizima. Niliuweka chini ya paja mpaka wakasema Amin.

Nilimwambia ndiyo, Yusra. Ningekufa na hiyo ndiyo mdomoni.

Nakutumia kanda yenyewe kwa Harrison. Upande mmoja una Yasini ya mama yako, msomee dua ukiisikiliza. Upande wa pili tumebaki sisi wanaume, besi yangu na ngoma na kinanda, bila mwimbaji. Huo mimi siwezi tena kuusikia na hauna wasia wa mtu. Ni wako. Uweke redioni ukipenda, useme ndiyo jazi ya asidi ya Diani.

Unichukie kidogo kidogo, usinichukie kwa pamoja.

Mbarak


South B
2 Novemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini Harrison amepona meno. Kanda ilifika imefungwa vizuri kwenye khanga ya mkaza mjomba, mwambie khanga nimejichukulia.

Kwa wiki nzima sikuigusa. Nilikuchukia kama ulivyoomba, kidogo kidogo. Halafu nikaipeleka kazini, ambako bado iko redio kaseti moja nzima, nikasikiliza Yasini mpaka mwisho. Nilimtambua Baba kwa kikohozi. Nikageuza kanda ili nisikie besi yako.

Mjomba, nakuandikia jambo hili baada ya kuchana barua mbili ambazo hazikuwa nalo. Kanda hukuiandika upande upi ni wa nani. Miaka yote hukuwa na haja ya kuandika, ulikuwa ukisikia mdundo wa kwanza ukajua. Siku ya khitma uliitia kinyume. Kilichofutika ni nyinyi. Mama alikuwepo.

Nikueleze, kwa sababu hukuweza kusikia. Kwanza kuna mvua, magodoro hayakufaa kitu. Mtu anacheka, nadhani ni Harrison. Ngoma inaanza, kisha wewe unaingia chini yake, besi nzito, ya duara, unapita sauti tatu unarudi, huna haraka. Kinanda kinakoroma vile vile ulivyosema. Mnazunguka hivyo muda mrefu mpaka nikadhani kweli hakuna mwimbaji. Kisha anaingia. Amechelewa, lakini si kwa kukosea. Sauti yake ni nyembamba kuliko ya kuzungumzia, ina mchanga kidogo. Anauliza wingu la Dzombo limekwenda kumnyeshea nani. Anauliza tena, na mara ya pili wewe unapanda naye. Si mama wa kulipa maji, Mjomba. Ni msichana ana miaka ishirini na mbili na hamwogopi mtu. Mwishoni anauliza kwa Kidigo beseni lake liko wapi, nyote mnacheka, kanda inakatika.

Niliisikiliza mara nyingi. Mlango haukuwa umefungwa vizuri, na mwenzangu mmoja, Mercy, akasimama pale na kahawa yake mpaka wimbo ukaisha. Akaniuliza huyu ni nani. Akasema kipindi cha marudio kinatoka mwezi ujao, huu ndio wimbo wa kukifungia, watu watalia nchi nzima. Nilikuwa nimekuapia. Na bado mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka kusema ndiyo, kwa sababu nilitaka kila mtu ajue yule ni mama yangu.

Hapo nikajiogopa. Mercy alipoondoka nikafunga mlango kwa ufunguo. Ningeweza kuinakili kwanza, mashine zote ziko mezani na hakuna ambaye angejua. Sikuinakili. Nikarudisha kanda mwanzo, nikabonyeza vidude viwili, nikaisoma Yasini mwenyewe. Nilikosea mara mbili nikarudia. Ilipofika mahali nilipojua yeye anaingia, nilinyamaza kidogo nimwache apite, kisha nikaendelea.

Ndiyo yako imetimia. Besi yako nayo imekwenda, pande zote mbili, nisamehe kwa hilo.

Mpwa wako,
Yusra


Kibuyuni
24 Novemba 2024

Mwanangu,

Salamu. Sisi wazima. Nilikaa na barua yako kibarazani muda mrefu, mkaza mjomba wako akadhani nimeletewa habari ya msiba. Nikamwambia ni ule ule.

Usiniombe msamaha kwa besi. Nilikuwa mpiga besi wa hoteli, wako wengi. Wewe umefanya jambo lililokuwa langu na limenishinda hata nilipodhani nimelifanya. Mungu akulipe. Njoo Desemba, baba yako anakuulizia.

Ila nina shida moja. Nimeisoma ile sehemu ya wimbo mpaka karatasi imelegea, na kuna kitu hukukiandika. Anapoulizia wingu la Dzombo mara ya pili, pale ninapopanda naye, anavuta pumzi kabla ya kulitaja jina la mlima, au analitaja kwanza ndipo anavuta? Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kabisa, beseni liko miguuni kwangu. Miaka yote nilidhani ninajua. Juzi nimejaribu kumsikia kichwani, nikamkosa.

Niandikie, mama. Hakuna mwingine wa kumwuliza.

Mjomba wako,
Mbarak